Mtu wa Nyuzi Nne

Wageni wanaofika Shangani, Unguja, hupiga picha mbele ya nyumba ambayo tangu 2019 ni makumbusho ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Jioni wageni hao hao huketi mbele ya bendi yetu hotelini na kuomba nyimbo za Queen. Wanataka kujua kama Farrokh Bulsara, yaani Mercury mwenyewe, mtoto aliyezaliwa hapa mwaka 1946, alijua Kiswahili, alisali wapi, familia yake iliondoka vipi mwaka 1964. Sijapata kuulizwa habari za John Deacon, mpiga besi wa Queen. Mimi ndiye niliyemtafuta mwenyewe, kwa sababu kila nyimbo hizo zinapoombwa vidole vyangu hupita alikopita yeye.

Napiga besi. Nilianzia bendi za dansi Dar es Salaam, kisha nikavuka kuja kwenye muziki wa hoteli, ambako mtu hulipwa kwa usiku na kuombwa kila kitu, kuanzia rumba hadi rege. Katika kazi hiyo ya kukopi nimepiga mistari ya wapiga besi wengi wa Kiingereza, na wengi wao nimewaheshimu. Deacon ndiye aliyenibadilishia namna ya kuifikiria kazi yenyewe. Nyimbo zake zinafahamika dunia nzima, jina lake linafahamika kwa wachache, na bado katika historia ya roki ni wapiga besi wachache waliomaliza kazi wakiwa na mali na amani kama yeye. Nimejiuliza kwa miaka ni kwa nini. Haya ndiyo niliyoyaona nikiwa upande wangu wa jukwaa.

Alizaliwa Agosti 1951 huko Leicester, mji wa viwanda katikati ya Uingereza. Akiwa mwanafunzi aliingia katika bendi ya vijana wenzake iliyoitwa The Opposition, na alianza na gitaa la rithimu. Besi aliichukua mwaka 1966 baada ya bendi kuishiwa mpiga besi. Waulize wapiga besi wa Dar au wa Mombasa, wengi watakwambia hivyo hivyo: mtu alitaka solo, bendi ikapungukiwa, akaambiwa, "Shika hiyo." Tofauti huja baadaye. Wengine huendelea kulinung'unikia lile solo walilonyimwa, na ukiwasikiliza unalisikia kwenye besi yao. Deacon alishuka chini na akapaona kuwa ni kwake.

Alikwenda London kusoma elektroniki Chelsea College, akahitimu mwaka 1971 kwa daraja la kwanza. Mwaka huo huo alijiunga na Queen, akiwa na miaka 19, mdogo kuliko wenzake wote. Bendi ilikuwa imeshapitiwa na wapiga besi watatu kabla yake. Wenzake wamesimulia kwamba walimpenda kwa upole wake na kwa ujuzi wake wa nyaya na mitambo. Anayejua bendi, habari hiyo haitamshangaza. Mwimbaji, mpiga solo na mpiga drams wakiwa wote watu wa mbele, wa nne akiwa naye wa mbele, bendi haimalizi mwaka. Albamu yao ya kwanza ilipotoka mwaka 1973, jina lake liliandikwa kinyumenyume, Deacon John. Kwenye albamu zilizofuata likarudishwa sawa.

Kuna kifaa kimoja ambacho kila fundi redio wa Darajani au Kariakoo angekielewa bila maelezo. Miaka hiyo ya mwanzo Deacon aliokota kipande cha saketi kwenye pipa la takataka za ujenzi mtaani London. Kilikuwa cha transista za zamani za germanium. Alikipeleka nyumbani, akakilehemu upya, akakifunga ndani ya kasha dogo la spika za rafuni na kukiwashia betri ya volti 9. Hakina swichi wala kitufe cha kuongeza sauti. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, alipochomeka gitaa lake humo ikatoka sauti ya zeze na tarumbeta, akawa anarekodi sauti moja juu ya nyingine hadi gitaa likageuka okestra. Wimbo "Good Company" wa mwaka 1975 una kikundi kizima cha jazi ndani yake, na chote kimetoka kwenye gitaa la May na kiboksi hicho. Mashabiki wanakiita Deacy Amp, na May ameendelea kukitumia kwa miongo. Utukufu ukaenda kwa mpiga gitaa, na Deacon hakuonekana kusumbuka. Alikuwa ametengeneza chombo kinachomfaa mwenzake, basi.

Kwenye roki ya Uingereza ziko njia mbili kubwa za besi. Moja ni ya John Entwistle wa The Who, ambaye tangu "My Generation" ya mwaka 1965 alionyesha kwamba besi inaweza kupiga solo, ikaunguruma, ikashindana na gitaa noti kwa noti. Ni njia ya wanaume wenye vidole vya ajabu, na vijana wanaokuja kwangu kujifunza ndiyo wanayoitaka, kwa sababu inaonekana vizuri kwenye video ya simu. Njia ya pili ni ya kupiga kidogo, pale panapohitajika tu. Mzee mmoja aliyenifunza dansi hakupata kumjua Deacon, lakini aliifundisha njia hiyo kwa ukali. Nilipokuwa najaza noti alinisimamisha mazoezini: "Mwanangu, ukipiga zote hizo, mwimbaji atapumulia wapi?"

Swali hilo lina jibu, na jibu lake ni "Another One Bites the Dust". Mstari wake mkuu una noti tatu tu: E, G na A. Unaingia kwa kushuka, A kisha G, halafu E inagongwa mara tatu, na hapo panakuja kimya. Kisha E tena mara tatu, G, E, unamalizia A. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anaweza kuzishika noti hizo. Kinachomshinda ni kile kimya. Uzi wa E, ule mnene kabisa, ukiugonga bila kuubana unaendelea kuvuma wenyewe. Usipoulalia kwa vidole vya mkono wa kushoto mara tu baada ya noti ya tatu, pengo linajaa mvumo na wimbo unakufa. Huwaambia vijana wasihesabu noti, wahesabu mapengo. Ukilikata pengo pale pale panapotakiwa, mpiga drams hana haja ya kuongeza kitu, na watu waliokuwa wanakula utawaona wanaanza kutikisa kichwa bila kujua nani kawaamuru.

Wimbo huo ulirekodiwa Munich, kwa ajili ya albamu ya The Game ya mwaka 1980. Deacon aliutunga, akapiga besi na gitaa la rithimu pia. Roger Taylor alipiga drams zilizozibwa kwa mablanketi ili zisivume, na mkanda wa midundo hiyo ukafungwa ujirudie. May aliweka sauti chache za gitaa za kutia vionjo. Chanzo cha mdundo hakikuwa siri. Bernard Edwards, mpiga besi wa Chic ya Marekani, alisimulia kwamba Deacon aliwahi kukaa nao studioni, na ukiusikia wimbo wao "Good Times" wa mwaka 1979 utamjua baba wa mdundo huo. Edwards hakumlaumu Deacon. Kilichomuudhi ni waandishi waliodai kwamba Chic ndio walioiga. Nasi wa dansi tunajua kwamba mstari wa besi husafiri, na tunajua pia kwamba muungwana hutaja alikoupata.

Ndani ya Queen wenyewe wimbo ule haukupokelewa kwa shangwe na wote, kwa kuwa bendi ilikuwa ya roki na huu ulikuwa muziki wa kucheza wa watu weusi wa Marekani. Michael Jackson alipousikia aliwasihi wautoe kama singo. Waliutoa, na Oktoba 1980 ukakaa nambari moja Marekani kwa wiki tatu. Wimbo huo uliouza sana ulitoka kwa mtu ambaye kwenye rekodi za Queen haimbi nao, maana sauti zile tatu za juu ni za Mercury, May na Taylor. Deacon mwenyewe alijiona hana sauti ya kuimba.

Mwaka uliofuata, huko Montreux, Uswisi, mwimbaji David Bowie aliwatembelea studioni ikazaliwa "Under Pressure". Mstari wake ni mfupi kuliko ule: noti D mara kadhaa na A moja ya kumalizia. Wenzake wamesimulia kwamba Deacon alikuwa akiupiga mchana, wakatoka kwenda kula, na waliporudi alikuwa ameusahau, ikabidi akumbushwe. Wimbo ukawa nambari moja Uingereza. Mwaka 1990 rapa wa Marekani aitwaye Vanilla Ice aliuchukua mstari huo bila kuomba, akatoka na "Ice Ice Baby", nao ukafika nambari moja Marekani. Baadaye ilibidi wenyewe walipwe na majina yao yaandikwe kwenye wimbo. Noti mbili tu zililipiwa. Msomaji ambaye si mwanamuziki anaweza kuona hilo ni mzaha, lakini kwangu ndipo somo la pili linapoanza.

Deacon hakutunga nyimbo nyingi. Wa kwanza ulikuwa "Misfire" wa mwaka 1974, mdogo, usiojulikana sana. Wa pili ulikuwa "You're My Best Friend", aliomtungia mkewe. Ulihitaji kinanda cha umeme ambacho Mercury hakukipenda hata kidogo, naye akakataa kukipiga. Deacon alikichukua nyumbani, akajifunza, akarudi akakipiga mwenyewe kwenye rekodi, na besi akapiga. Mwaka 1976 wimbo ukafika nambari saba Uingereza. Mtu mpole alitaka wimbo wake usikike kama alivyousikia kichwani, akatafuta namna bila kugombana na mtu. Kisha "Spread Your Wings" mwaka 1977, na mwaka 1984 "I Want to Break Free". Huu wa mwisho wengi wanaukumbuka kwa video yake, wanaume wanne wamevaa kike na Mercury anasukuma mashine ya kufyonza vumbi. Mgeni mmoja alinibishia mpaka akakasirika kwamba wimbo huo ni wa Mercury. Mtunzi ni yule bibi kizee aliyenuna kwenye video.

Mwaka huo huo una doa, na mwanamuziki wa Kiafrika hawezi kulipita. Oktoba 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, katika Bophuthatswana, wakati Umoja wa Mataifa ukiwataka wasanii wasiende huko Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Walijitetea kwamba wao ni watu wa muziki, si wa siasa. Siukubali utetezi huo, na sioni sababu ya kumtoa Deacon ndani yake kwa kuwa alisimama nyuma. Aliyesimama nyuma alipanda jukwaa lile lile. Nampenda kwa vidole vyake na kwa akili yake, na hilo nalisema pia.

Turudi kwenye malipo, yaani kwenye karatasi inayoandikwa majina ya watunzi. Tangu mwanzo Queen walikuwa na desturi kwamba aliyeleta wimbo ndiye anayeandikwa mtunzi wake, peke yake. Kwa hiyo majina manne yalikuwa na mifuko minne. "Bohemian Rhapsody" ilipotoka mwaka 1975, upande wa pili wa sahani ile kulikuwa na wimbo wa Roger Taylor, "I'm in Love with My Car". Kila sahani iliyouzwa ilimlipa mtunzi wa upande wa pili sawa na mtunzi wa upande wa kwanza. Watu walinunua opera ya Mercury, na wimbo wa gari ukaingiza kipato kile kile. Mambo ya namna hiyo yalizaa ugomvi wa miaka, hadi katika albamu ya The Miracle ya mwaka 1989 wakakubaliana kwamba kila wimbo utaandikwa kwa jina la Queen, wote wanne. Deacon alinufaika mara mbili: nyimbo zake kubwa zilikuwa zimeshaandikwa kwa jina lake, na kuanzia hapo alikuwa na fungu katika zote.

Hesabu pia zilikuwa mikononi mwake kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1975 bendi iliachana na kampuni iliyokuwa ikiwasimamia, kwa malalamiko ya fedha, na tangu siku hizo Deacon anatajwa kama mtu wa kusoma mikataba na kuuliza senti imekwenda wapi. Wenzake wamesema kwamba hata baada ya kustaafu, uamuzi wa kibiashara haupiti bila yeye kuridhia. Juni 2024 vyombo vya habari viliripoti kwamba Sony Music imekubali kununua haki za muziki wa Queen kwa takriban pauni bilioni 1. Mpiga besi aliyekuwa kimya jukwaani alikuwa mmoja wa wenye mali.

Sasa niseme la kwangu. Niliitwa studio moja Dar es Salaam kumpigia msanii ambaye sitamtaja. Wimbo ulikuwa na maneno na kiitikio, chini hapakuwa na kitu. Nilikaa na gitaa, nikaupata mstari, mtayarishaji akaruka kwa furaha, wakajenga kila kitu juu yake. Nilipewa posho ya siku na nauli. Wimbo ukapigwa kwenye daladala, kwenye harusi, kwenye matangazo, na watu wakawa wanaanza kuucheza kabla mwimbaji hajafungua mdomo, yaani walikuwa wanacheza mstari wangu. Kwenye orodha ya watunzi sipo, na kwenye orodha ya wapigaji sipo. Nilipouliza niliambiwa, "Kaka, besi ni besi tu." Wapiga besi wanaosoma hapa wanaijua sentensi hiyo, kila mmoja kwa sauti ya mtu wake.

Besi ni besi tu hadi mtu mwingine aichukue, ndipo mahakama na wanasheria wanagundua kwamba noti mbili zina mwenyewe. Tanzania Bara tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu 1999, na Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki tangu 2003. Hakimiliki ni ya mtunzi, hakishiriki inamgusa mpigaji na mrekodi. Sheria hizo haziwezi kumlinda mtu ambaye jina lake halipo mahali popote. Deacon alikuwa na sheria nzuri nchini kwake, ni kweli, lakini alikuwa pia na desturi ya bendi ya kuandika nani kaleta nini kabla rekodi haijatoka. Desturi hiyo haihitaji bunge.

Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Aprili 1992 Deacon alipiga kwenye tamasha la kumkumbuka uwanjani Wembley, akashiriki kukamilisha albamu ya Made in Heaven iliyotoka 1995, na Januari 1997 akapanda jukwaa na May na Taylor mjini Paris, Elton John akiimba. Hiyo ndiyo ikawa mara yake ya mwisho nao jukwaani. Alistaafu. Queen ilipoingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa roki huko Marekani mwaka 2001, hakwenda. Wenzake wameendelea kuzunguka dunia na waimbaji wengine na wapiga besi wengine, wanaopiga mistari yake kila usiku kama mimi. Yeye amebaki nyumbani.

Wapo wanaomhurumia. Mimi simhurumii. Mpiga besi kazi yake ni kumsikiliza mwimbaji na kumjengea sakafu, na alipoondoka mwimbaji wake aliona sakafu ile haina wa kusimama juu yake. Aliweza kuondoka kwa sababu hakuwa na njaa, na hakuwa na njaa kwa sababu alikuwa ameandika jina lake mapema. Huku kwetu nimeona wazee wenye vidole vya dhahabu wakipanda jukwaani na miguu iliyovimba, kwa posho ya usiku, kupiga nyimbo walizozijenga wenyewe ambazo kwenye karatasi ni za watu wengine. Hao ndio wa kuhurumiwa.

Kijana unayeshika besi, jifunze kunyamaza kwenye nyuzi. Jifunze zile noti tatu na lile pengo kabla ya kutamani solo. Lakini usinyamaze kwenye karatasi. Kabla hujatoka studio, andikeni nani katunga maneno, nani katunga mstari, nani kapiga nini, na kila mmoja aweke sahihi yake. Wimbo ukaandikishwe kwenye ofisi ya hakimiliki: COSOTA kama mko Bara, COSOZA kama mko Zanzibar, wa Kenya waende KECOBO. Mwenye studio akikwambia besi ni besi tu, rudisha gitaa kwenye mfuko wake na umwache apige wimbo wake bila besi.